Dua ya Gati Jipya

Mjukuu wangu anafanya kazi bandarini, na siku hizi akija kunijulia hali hana lingine ila kunionyesha picha kwenye simu. Juzi alinionyesha meli. Si meli ya kusimama huko ghubani, la, hii imeegemea ukuta wa gati kabisa, ndefu kupita mtaa wetu, imebeba makontena ya kila rangi, na kreni imeinama juu yake inayanyanyua moja moja. "Tazama, Bibi, hakuna mtu anayebeba kitu mgongoni." Nikamuuliza, na matishari mmeyapeleka wapi? Akanitazama kwa huruma ile ambayo vijana hututazamia tukitaja duka lililofungwa zamani. "Matishari ndiyo nini, Bibi?"

Mtoto wa Tanga, anafanya kazi bandarini, hajui tishari! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, nikiwa mtoto mwenye mapengo ya meno ya mbele, nilifanya kila nililoweza ili meli isije ikafika kwenye ukuta ule. Alipoondoka niliingia ndani nikatoa kipande cha kamba ya mkonge nilichofungia godoro kuukuu, nikakinusa. Harufu ile ya majani makavu yaliyopigwa jua na kutiwa vumbi ndiyo harufu ya baba yangu, na ilinirudisha Makorora moja kwa moja.

Nyinyi mliokulia Tanga zama za mkonge hamna haja ya kuelezwa, lakini acha nieleze kwa ajili ya wajukuu watakaosoma juu ya mabega yenu. Meli zote zilitia nanga katikati ya maji. Hakuna iliyokuja gatini. Kilichokwenda na kurudi ni matishari, vyombo vya chuma vipana, tumbo bapa, visivyo na injini wala tanga, vinavyokokotwa na mashua ya moshi. Marobota ya mkonge yalitoka mashambani kwa treni, yakaingia ghalani, yakatoka ghalani yakaingia kwenye tishari, tishari likapelekwa mpaka ubavuni mwa meli, na winchi ya meli ikayapandisha. Baba yangu alikuwa serahangi wa tishari, maana yake yeye ndiye mkubwa wa wale waliokuwamo ndani. Alikuwa Mpemba, mfupi, mpana wa mabega, na kila alasiri alirudi nyumbani ana nyuzi nyeupe za mkonge kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka masikioni. Mama alimkalisha kwenye kigoda uani akamchambua, na wakati akichambuliwa baba alilisimulia tishari lake. Leo limekuwa jeuri. Leo limetulia. Leo limegoma kugeuka mpaka nimelisemesha. Mimi nilikaa miguuni pake nikaamini kuwa hakuna kitu anachokipenda duniani kama tishari, ukiniondoa mimi, na hata hapo sikuwa na hakika sana.

Sasa, kwa nini meli zilisimama mbali? Hilo nilikuwa nimelipatia jawabu langu mwenyewe, wala sikumwuliza mtu. Meli ni mgeni, na mgeni mwenye adabu hasogei mlangoni kabla hajaitikiwa. Ikifika ilipiga honi, ndiyo hodi yake. Kisha baba na wenzake walikwenda kuipokea mizigo, kama vile mama alivyomtokea mgeni kumpokea kikapu. Nilizipenda meli kwa adabu yao. Niliwaona Wazungu wengi mjini ambao hawakuwa nayo, nikashangaa vyombo vyao wamevifunza vipi.

Aliyeniharibia ni shangazi yake Zubeda. Zubeda alikuwa rafiki yangu na jirani yangu, nyumba ya pili kutoka kwetu, na shangazi huyu alikuja kutoka Mombasa na masanduku ya nguo na maneno mengi kuliko nguo. Alitukuta tunacheza uani, mimi nikiwa serahangi na beseni ikiwa tishari. Akacheka. "Nyie watu wa Tanga bado mwafata meli na matumbwi! Kwetu Kilindini meli yaja mpaka ukutani, watia ngazi, wapanda. Tishari la nini?" Halafu akatwambia, kwa furaha ya mtu anayewaletea wenzake habari njema, kwamba hata gati letu linalojengwa kule, lile lililokuwa likipigwa nguzo kutwa mpaka vyombo vikatikisika kabatini, bila shaka ni la kuleta meli ukutani. "Mtastaarabika na nyinyi."

Usiku ule sikula. Ilikuwa kweli gati lilikuwa linajengwa. Tulilisikia likijengwa, du, du, du, tangu asubuhi. Na kama meli zitakuja ukutani, baba atafanya nini? Mtoto hajui kwamba mtu mzima anaweza kutafuta kazi nyingine. Kwangu mimi baba bila tishari alikuwa Mpemba asiye na shughuli Tanga, na Mpemba asiye na shughuli Tanga hurudi Pemba. Tutakwenda Pemba. Nitamwacha Zubeda, nitaacha chuo chetu cha Kurani, nitaacha kisima na mpera wetu. Na mama yangu, mzaliwa wa Pongwe, aliyekuwa hajakanyaga chombo maishani mwake na aliyeapa hatakikanyaga, atafanyaje? Nikaanza kuona atabaki, na sisi tutakwenda, na nikalia chini ya shuka.

Ukishaogopa jambo, kila kitu kinakuwa ushahidi. Wiki ile ile akaja ami yangu Hamadi, mdogo wake baba, kutoka Pemba, na kikapu cha karafuu na mkeka mpya. Wakawa wanakaa barazani wanazungumza habari za mashamba ya karafuu, nani kavuna, nani kaacha miti ikamezwa na magugu. Na baba akatoa sanduku kubwa la mbao lililokuwa uvunguni, akaligonga misumari, akalipaka rangi ya kijani, akaliweka juani likauke. Sijui nyinyi mngefikiri nini. Mimi nilijua tunafungasha.

Nilimwuliza mama, sanduku la nini? Akasema, "La mambo ya wakubwa." Basi, yamekwisha. Wakubwa walikuwa wamekwisha kukubaliana.

Ikaja habari kwamba gati limemalizika, na kabla chombo cha kwanza hakijaugusa ukuta mpya watu wa bandarini watafanya dua. Ndivyo walivyokuwa. Chombo kipya hakikushushwa majini bila kusomewa, nyumba haikuhamiwa bila kusomewa, sembuse ukuta ambao watu wataruka juu yake kutwa na mizigo inaning'inia vichwani mwao. Walizungumza na Mhindi aliyesimamia ujenzi, naye akawaruhusu siku ya Ijumaa baada ya sala. Watachinja mbuzi, utapikwa wali, na watoto wa chuo chetu wataitwa waje wakae mbele na kuitikia amin. Maalim wetu alitutangazia chuoni kwa sauti ya kujivuna. "Nyinyi hamna dhambi," akasema, na hapo alitupa jicho sisi wa safu ya nyuma kama mtu anayefanya ukarimu. "Amin yenu inapanda juu upesi kuliko ya watu wazima. Kwa hiyo itikieni kwa sauti."

Kumbe jambo lilikuwa mikononi mwetu! Wakubwa wanaomba gati liwe na heri, na gati likiwa na heri meli zitakuja ukutani, lakini dua haipandi bila amin, na amin ni zetu. Sisi tukifunga midomo, dua itabaki pale pale juu ya zege na gati halitafaa kitu.

Nilimwambia Zubeda kwanza. Zubeda hakuwa mtu wa kuuliza maswali, alikuwa mtu wa kutenda. Tukawapitia wenzetu mmoja mmoja, wakati wa kufuta mbao zetu za kuandikia, kisimani, njiani. Haikuwa kazi ngumu, maana nusu ya chuo walikuwa watoto wa watu wa bandarini, na kila niliyemwambia kuwa baba yake atakosa kazi macho yalimtoka. Wale ambao baba zao walikuwa wavuvi au mafundi viatu tuliwaahidi ubuyu. Mmoja tu alitutia shaka, Athumani, mdogo kuliko wote, mwenye kupenda wali kupita kiasi. Zubeda akasema atakaa naye karibu.

Ijumaa ile ninaiona hata sasa. Tulivalishwa kanzu na magauni safi, sisi wasichana na ushungi mweupe, tukatembea kwa mstari mpaka bandarini nyuma ya Maalim. Zege lilikuwa jipya, jeupe, la moto chini ya nyayo, linanuka chokaa. Nyuma yetu maghala yalikuwa yamejaa marobota mpaka juu, na ile harufu ya mkonge ikitoka milangoni. Mbele yetu maji, na huko katikati meli moja nyeusi imesimama kwa adabu zake za zamani. Sufuria za wali zilikuwa zimefunikwa kwa majani ya migomba, na mvuke wa iliki ulikuwa unamtesa Athumani. Baba alikaa na wenzake wa tishari, kofia ya kiua kichwani, hana hata uzi mmoja wa mkonge. Alinikonyeza. Nilitazama pembeni, kwa sababu nilikuwa natenda jambo kubwa kwa ajili yake na sikutaka anilegeze.

Maalim akasoma, akasoma, kisha akainua mikono na kuomba kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. "Ewe Mola wetu, ujaalie ukuta huu uwe wa heri."

Safu yetu kimya. Nyuma watu wazima waliitikia kwa sauti ya chini, kama inavyoitikiwa na watu wanaotegemea watoto watasikika. Maalim akafumbua jicho moja. Labda alidhani hatukusikia. Akapandisha sauti. "Ewe Mola wetu, uwakinge wanaopanda na wanaoshuka. Usikate kamba juu ya kichwa cha mtu."

Kimya. Nilisikia maji yakipiga nguzo chini yetu.

"Ewe Mola wetu, kila aliyetoka nyumbani kwake asubuhi..."

"Aaa...," akaanza Athumani, na Zubeda akamfinya paja, na amin ikageuka kilio. Kilio kikubwa, cha mtoto aliyekwisha kuvumilia harufu ya wali muda mrefu. Maalim akashusha mikono.

"Nani kawafunga midomo?"

Wote, safu nzima, hata wana wa wavuvi waliokula ubuyu wangu, waligeuza shingo wakanitazama mimi. Nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Nikasikia nyayo za baba zikija juu ya zege, nikajikunyata nikingojea kofi. Baba hakupiga. Alichuchumaa mbele yangu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mwanahawa. Una nini, mwanangu?"

"Sitaki kwenda Pemba."

"Nani aendaye Pemba?"

"Sisi. Meli zikija ukutani tishari lako halitakuwa na kazi. Na sanduku umeshalipaka rangi."

Watu walicheka, wallahi walicheka. Ami Hamadi alicheka kuliko wote, akijipiga mapaja. "Yakhe, sanduku langu hilo! La bibi harusi wangu! Mwaona mtoto kanitilia fitina harusi!" Kumbe alikuwa amekuja kutafuta nguo za kumpelekea mchumba, na sanduku lilikuwa la kuzitilia. Mama, aliyekuwa na wanawake wenzake kwenye sufuria, alijiziba uso kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baba peke yake hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni. "Tazama chini," akasema. Maji yalikuwa yamekupwa, yamebaki kwenye nguzo za mbele tu. Nikaona tope, na kaa wadogo wakikimbilia mashimoni. "Meli ile pale tumbo lake lafika kina cha mnazi. Ije hapa ifanye nini? Italala na tope kama ng'ombe. Huu ukuta ni wa matishari, mwanangu. Gati la kale ni fupi, twangojana, mmoja apakia watano wamekaa na jua. Sasa tutapanga safu. Kazi yazidi, haipungui. Nani kakwambia meli zaja?"

"Shangazi yake Zubeda."

"Aah," akasema baba. Neno hilo moja lilimtosha shangazi yake Zubeda.

Sijui kama nimewahi kufurahi tena vile. Pemba ikarudi mahali pake, mama akabaki na sisi, Zubeda akawa wangu, na kwa kuwa mtoto akipewa shubiri hutaka pima, nikasema kwa furaha, "Kwa hiyo meli hazitakuja ukutani. Hazitakuja kamwe!"

Nilingoja baba aseme ndiyo. Yeye alikuwa anatazama nyuma yangu, nikageuka nami. Alikuwa anamtazama Mzee Faki. Mzee Faki alikuwa serahangi kabla ya baba, yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Siku moja ya mawimbi alikuwa ameweka mkono ukingoni mwa tishari, na tishari likaubamiza ubavuni mwa meli. Mkono ule ulikuwa umebaki na kidole gumba na kingine kimoja. Sisi watoto tulikuwa tumeuzoea, tuliushika tukimwamkia shikamoo bila hata kuutazama. Siku ile niliutazama.

"Nataka zije," baba akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Meli?"

"Meli. Waje wachimbe tope hili, watie mashine, zije mpaka hapa tuliposimama. Miye siku hiyo nitatafuta kazi nyengine. Au nitakaa kitako nitazame."

"Lakini wewe unalipenda tishari."

"Nani, miye?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesingiziwa. Kisha akafikiri kidogo. "Nalisifu jioni kwa sababu limenirudisha. Basi. Kila siku lanirudisha, nami nalishukuru. Kulipenda, hapana."

Baba alinirudisha kwenye safu, akanikalisha mahali pangu, lakini yeye hakurudi pake. Alibaki amesimama. "Maalim," akasema, "watoto sasa wataitikia. Lakini nina neno la kuongeza kabla hujaifunga dua."

"Sema, bwana."

"Uombe kwamba siku moja meli zije mpaka ukutani, na kazi hii yetu iondoke."

Hapo kilikuja kimya ambacho si sisi watoto tuliokileta. Nilitazama wale wanaume waliokaa juu ya zege jipya, watu wa tishari, wachukuzi wa ghalani, watu wa kamba, waliochanga wenyewe mbuzi yule kwa ajili ya kuombea mahali pao pa kazi. Mmoja akakohoa. Mwengine akamtazama jirani yake. Maalim naye hakuinua mikono, alingoja, kwa sababu mambo hayo hayakuwa yake kuyaamua.

Mzee Faki ndiye aliyeinua mkono kwanza, ule wenye vidole viwili. "Amin," akasema, kabla hata hakijaombwa kitu. Kisha wa pembeni yake akasema. Kisha wengine, kwa sauti za kigugumizi, halafu zikawa nzito, na Maalim akaomba, na safu yetu ikaitikia mpaka ndege wakaruka kwenye bati za maghala. Athumani alipiga kelele kuliko wote.

Mimi nilichelewa. Nilikuwa namtazama baba. Alikuwa amefumba macho, ameviweka viganja vyake vigumu wazi mbele ya kifua, na alikuwa anaomba kazi yake iishe, ili mtoto wa mtu asiyemjua abaki na vidole vyake. Nilikuwa nimekuja pale kumwokolea tishari. Nikainua mikono yangu midogo nikaiweka sawa na yake, nikaitikia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimpenda kama anavyopendwa mtu, si kama anavyopendwa baba.